Kwa Nini Siitiki Tena Nikiitwa Cucu

Tangu turudi kutoka Meru, hakuna Jumapili nimetoka kanisani bila kushikwa mkono na kuulizwa maswali mawili. La kwanza: mtoto walisema ana nini? La pili: mbona siku hizi ukiitwa Cucu unatazama miti kana kwamba hujasikia? Nimejibu vipande vipande huku chai ikipoa, na vipande hivyo vimeanza kunirudia vikiwa vimeota mikono na miguu. Wiki jana niliambiwa kwamba mimi ndiye niliyepimwa nikapatikana kiziwi. Basi nimeketi nikaandika yote mara moja. Someni, mpeane, kisha mniache ninywe chai yangu.

Mambo ya kupiga simu, kujaza fomu na kutoa nakala za vyeti nitayaruka. Anayetaka kujua foleni za namna hiyo zikoje aende akapange mwenyewe.

Kwa yeyote ambaye karatasi hizi zitamfikia bila kunijua, mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Kibugu. Nimefundisha madarasa ya chini zaidi ya miaka thelathini, Kiswahili hasa, na ndiyo maana nyumbani kwangu watu huongea Kiswahili wapende wasipende. Mwanangu wa pekee, Nyaga, anafanya kazi Naivasha. Mkewe, Karimi, mzaliwa wa Nkubu, anaishi nami na kuchuma majani chai. Binti yao ana miaka sita.

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, kwa hiyo mtoto ni Igoki, kama mimi. Sasa, mke wa mwanangu mwenye adabu hawezi kusimama uani kwangu na kupaza sauti, "Igoki, acha kula udongo!" Jina la mama mkwe halitamkwi ovyo, hata likiwa limevaliwa na mtoto. Karimi akaanza kumwita Cucu, yaani nyanya, nasi sote tukafuata. Hospitalini waliandika Joy Igoki, na hilo la Joy likabaki huko kwenye kadi. Wakati huohuo mimi pia nikawa Cucu, cheo nilichokingoja miaka mingi, maana Nyaga alichelewa sana kuoa. Nyumba moja, Cucu wawili. Ukiita, mimi hujibu, "Nini tena?" Sina ubaya wowote, ndivyo mdomo wangu ulivyo.

Mtoto alichelewa kusema. Alipofika miaka mitano alianza kutoa sentensi nzima nzima alizozisikia redioni, na alizozipenda zaidi ni za matangazo ya vifo. Mnakula ugali kimya, mara anasema, "Tunasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wetu." Lakini kuomba maji hawezi. Ukimwita hageuki. Kelele zikizidi hujitupa chini na kuziba masikio. Shule ya chekechea walimrudisha baada ya wiki mbili.

Mwalimu mkuu wa shule yetu ni Njeru, niliyemfundisha mimi mwenyewe kushika kalamu. Alikuja nyumbani, akakataa kiti, akasema akiwa amesimama, "Madam, mimi siwezi kumkataa mtoto wako. Lakini leta barua ya mtaalamu iseme ako na nini na tumsaidie aje. Bila hiyo nitaambiwa nimpeleke bweni la watoto maalum, na hiyo iko mbali." Mtoto ambaye hawezi kuomba maji, alale bwenini kwa watu asiowajua. Hivyo ndivyo safari ilivyoanza.

Kibugu mpaka Embu mjini

Magari ya abiria hatuwezi kupanda naye kwa sababu ya muziki. Tulipanda pikapu ya maziwa, mimi, Karimi na mtoto. Dereva ni mtu mpole ila kila penye kituo cha kukusanyia maziwa anashuka, anasalimia ukoo mzima, anapima, anaandika, kisha anakumbuka amesahau kitu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na kwenye mteremko wa tatu tukakwama kwenye matope. Wachumaji wa chai wakaja kutusukuma vikapu vikiwa mgongoni. Cucu mdogo alitulia muda wote huo, ameshika mfuniko wa mkebe mmoja wa maziwa kwa mikono miwili. Tulipofika mjini alikataa kuuachia, na dereva akatuambia tutaurudisha tukirudi.

Kwanza ilikuwa ni masikio, pale hospitalini. Kila mtu alikuwa ameniambia mtoto asiyegeuka akiitwa huenda hasikii, na mimi, na akili zangu zote za ualimu, nilikuwa naomba iwe hivyo. Kiziwi tunamjua. Kuna shule, kuna vifaa, kuna jina la kumwambia jirani. Tuliambiwa tufike asubuhi, tukafika asubuhi, tukaonwa saa tisa. Mtoto alikataa vile vidude vya kuvaa masikioni hadi nilipovivaa mimi kwanza na kutingisha kichwa kama mjinga.

Kijana wa kupima akasema, "Masikio yake iko safi kabisa."

"Namwosha kila siku," nikamjibu, maana niliona kama ananichunguza.

"Nasema anasikia, Mama. Anasikia kuliko wewe."

Nilipaswa kufurahi, lakini nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje. Kama anasikia na hageuki, basi ni nini? Kijana alitufuata, akatuelekeza kwa mtaalamu wa usemi na lugha anayewaona watoto Meru mjini, karibu na uwanja wa Kinoru, siku ya Alhamisi. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Majimbo

Tulifikia mtaa wa Majimbo, papo hapo Embu, kwa Muthoni, tuliyefundisha naye shule moja na kugombana naye kila muhula. Muthoni alipika githeri, na Cucu mdogo akafanya anavyofanya siku zote: alitenga mahindi upande mmoja na maharagwe upande wa pili, akala mahindi yote, kisha akasukuma sahani. Muthoni alimtazama kwa jicho lile la darasani.

"Huyu ni mkaidi tu," akasema. "Hana ugonjwa. Mimi na wewe tungemnyoosha kwa wiki moja."

Karimi aliinama na kuanza kukusanya sahani ambazo watu walikuwa bado wanazilia. Mimi nilifungua mdomo nimjibu Muthoni, na mnajua huwa sikosi jibu. Badala yake nikamkumbuka msichana mmoja wa darasa langu, zamani, jina lake nitalihifadhi. Alikuwa anakaa dawati la mbele na kupanga vipande vya chaki. Nikiita majina ya asubuhi haitiki. Sheria yangu ilikuwa moja, asiyeitika hayupo. Nikimwona kwa macho yangu, yuko pale mbele yangu, nilimwandikia hayupo, siku baada ya siku, ili ajifunze. Nikamchapa pia. Mwisho wa muhula wa pili akawa kweli hayupo, na sikuuliza alikoenda.

Nilimwambia Muthoni habari hiyo. Akasema, "Kwani si sote tulifanya hivyo?" Ni kweli, na haikunisaidia. Nilijionea aibu, naiandika hapa jinsi ilivyo.

Kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, Muthoni mwenyewe ndiye aliyetupatia gari. Ni hulka yake, anakutukana jioni na kukusaidia asubuhi.

Embu mpaka Chuka, kwa lori la maharagwe

Gari lenyewe lilikuwa lori la Bwana Salim, mfanyabiashara wa nafaka anayeishi Meru mjini, ambaye huja Embu kununua maharagwe na ndengu. Lori lake halina redio. Iliibwa, na kwa huzuni yake hakuweka nyingine, akawa hajui kwamba alituwekea nafasi. Tulikaa mbele, mimi, Karimi na mtoto katikati na mfuniko wake wa mkebe.

Tulipita Runyenjes, tukateremka Mto Thuci na kupanda upande wa pili kwa mwendo wa mtu aliyebeba kuni. Salim hakuuliza mtoto ana nini. Aliuliza anapenda nini. Nikamwambia kwamba anapenda kupanga vitu, na kwamba anapenda njano, na kwamba hapendi kuguswa kichwani, na kwamba akinyamaza hivi ametulia. Nilimjibu hadi karibu na Chuka. Baadaye niligundua kwamba mtoto alikuwa amekaa pale katikati yetu na hakuna hata mmoja aliyemsemesha yeye.

Chuka, Salim alisimama aswali. Msikiti wenyewe ni mdogo, na viatu vilikuwa vimeachwa nje mlangoni. Mimi na Karimi tulienda kununua ndizi hatua chache tu kutoka hapo, tukabishana na muuzaji ambaye alidhani Kimeru cha Karimi ni cha kumkejeli. Tuligeuka, tukaona mtoto tuliyemwacha kwenye lori hayupo.

Alikuwa mlangoni pa msikiti. Alikuwa amechukua viatu vyote, ndala, raba, viatu vya ngozi, akavipanga mstari mmoja kutoka kikubwa hadi kidogo, kila jozi pamoja, ncha zote zikitazama barabarani. Alikuwa akimalizia jozi ya mwisho wanaume walipoanza kutoka. Walisimama. Nilikimbia nikiomba msamaha kabla hata sijafika, nikieleza kwamba mtoto hana nia mbaya, ana shida, tunampeleka kupimwa, sisi ni watu wa kanisa na hatukujua utaratibu.

Mzee mmoja mwenye kofia nyeupe akaniinulia mkono ninyamaze. Alitembea polepole kando ya ule mstari akitafuta viatu vyake, akavipata vya tatu kutoka mwisho, akavivaa bila kuinama.

"Miaka yote nakuja hapa," akasema, "leo ndiyo mara ya kwanza sijavaa moja yangu na moja ya Yusufu."

Wengine wakacheka, kila mmoja akatafuta nafasi yake kwenye mstari. Cucu mdogo alisimama akiwatazama miguu. Mstari ulipoisha akasema kwa sauti ya mtangazaji, "Ibada ya wafu itafanyika nyumbani kwake." Nilitamani ardhi inimeze. Salim alisema haidhuru, hata hilo ni ukumbusho.

Nkubu

Salim alitushusha Nkubu kwa mama yake Karimi tulale huko, akaahidi kurudi asubuhi kutupeleka Kinoru. Walikuwa wametupikia mukimo, chakula cha wageni wa heshima, viazi na mahindi na mboga za maboga, vimepondwa vikawa kitu kimoja. Mtoto ambaye hawezi kula mahindi yaliyoguswa na haragwe. Alitazama sahani, akatafuta mahali pa kuanzia kutenga, akakosa, akaanza kulia. Mama yake Karimi alidhani tumemfundisha kudharau chakula cha Wameru, na ilibidi nile sahani mbili kuokoa uhusiano wa koo. Mtoto alikula ndizi za Chuka.

Alfajiri nilimkuta Karimi nje akichota maji. Hakugeuka aliponiambia.

"Cucu, nataka ujue. Wakisema aende bweni, mimi nitabaki naye hapa kwetu. Sitarudi Kibugu. Nyaga nimemwambia."

Sikumjibu kwa ukali, ingawa ukali ulikuja hadi kwenye meno. Nilijua kwamba ningekuwa na umri wake ningefanya hivyohivyo. Nilishika ndoo upande mmoja tukaibeba pamoja, na kutoka hapo nilijua naenda Kinoru na nini mkononi. Barua ikiwa mbaya, nitarudi Kibugu peke yangu.

Kinoru

Uwanjani kulikuwa na shughuli fulani iliyokuwa inaandaliwa, na mtu alikuwa akijaribu vipaza sauti. "Alo, alo, moja mbili." Kabla hatujafika mlangoni pa kliniki, Cucu mdogo alikuwa chini ya benchi, mikono masikioni, anapiga kelele za kutangaza vifo vya watu wote wa wilaya. Waliokuwa wakisubiri walisogea. Mama mmoja akashauri tumwombee hapohapo. Nikamwambia aanze kwa kumwombea yule wa moja mbili.

Mtaalamu alitoka nje mwenyewe. Jina lake Gakii, mwanamke mdogo kuliko Karimi kwa mwili, amevaa raba na amebeba mkoba wa turubai. Hakumgusa mtoto. Alikaa sakafuni mbali kidogo, akatazama upande mwingine, akasubiri.

"Hapa haiwezekani," akatuambia baadaye. "Nikimpima hapa nitakuwa napima hiyo spika. Mko na mahali kumetulia?"

Karimi akampigia Salim simu. Ghala lake lilikuwa mtaa wa chini, mwendo mfupi kwa miguu. Kama hamjawahi kuingia kwenye ghala lililojaa magunia ya maharagwe hadi darini, sauti humo haina nguvu, unasema na maneno yanaishia kwenye magunia. Tuliingia, Salim akafunga mlango mkubwa, na mtoto akatoa mikono masikioni mwenyewe bila kuambiwa.

Gakii alifungua mkoba. Ndani yake mlikuwa na mwanasesere, gari lisilo na gurudumu moja, chupa ya kupuliza mapovu, kadi za picha. Walikaa juu ya mkeka. Alicheza naye, akaandika, akacheza tena. Wakati mwingine alikuwa anauliza swali.

"Unataka gani, nyekundu ama njano?"

"Njano," nikasema.

Akanitazama, akaandika.

"Huyu anafanya nini?" akionyesha picha ya mtoto anayekunywa uji.

"Anakunywa uji," nikasema. Kisha nikaongeza, "Yeye anaupenda wa wimbi."

Gakii akaandika tena. Kisha akasimama nyuma ya mtoto na kuita kwa sauti ya kawaida, "Joy." Hakuna kitu. "Joy." Mtoto aliendelea kuzungusha gurudumu la gari. "Igoki." Karimi alifunika uso kwa kitambaa, maana alikuwa hajawahi kusikia jina langu likiitwa hivyo hadharani, tena na msichana. "Igoki." Mtoto hakugeuka.

Gakii alianza kuandika, kalamu ikasimama.

"Kwani nyumbani mnamwitaje?"

"Cucu," akasema Karimi.

"Nani mwingine anaitwa Cucu?"

"Huyu," akasema Karimi, akininyooshea kidevu.

Gakii akatutazama mmoja baada ya mwingine. Akarudi nyuma ya mtoto. "Cucu!"

"Nini tena?" nikasema.

Yalinitoka kabla sijajua. Mke wa Salim, aliyekuwa mlangoni na birika, aliangua kicheko. Gakii hakucheka.

"Sikuwa nakuita wewe, Mama."

"Najua."

"Hii miaka yote, wakisema Cucu, nani anajibu?"

Nimefundisha miaka thelathini na zaidi, nimeita majina ya watoto kila asubuhi, na nyumbani kwangu kulikuwa na mtoto ambaye kila jina aliloitwa lilikuwa la mtu mwingine. Kila lilipoitwa, mwenye mdomo alijibu kwa niaba ya wote wawili.

Aliniomba nitoke, kwa adabu, jinsi mimi nilivyokuwa nikiwaomba wazazi watoke darasani. Nilikaa nje juu ya mizani ya kupimia magunia, na mke wa Salim akaniletea chai ya tangawizi na mahamri. Kupitia mlango nilisikia, "Cucu." Nikang'ata hamri. Kimya. "Cucu." Nikang'ata tena. Nilikula mahamri manne na sikumbuki ladha ya hata moja.

Karimi ndiye aliyenieleza yaliyotokea ndani. Alipoitwa mara ya kwanza, mtoto aliinua kichwa. Mara ya pili akageuka, ila hakumtazama Gakii aliyemwita. Alitazama mlango niliotokea, akaukazia macho.

"Alikuwa anakungoja ujibu," Karimi akaniambia. Nililia pale juu ya mizani, mbele ya wapakiaji wa Salim, wala sikuona haya.

Sasa swali lenu la kwanza. Gakii alitukalisha wote na kutueleza polepole, na alinirudisha ndani kwa sharti kwamba nisikilize. Mtoto ana usonji, autism kwa Kiingereza. Alisema wazi kwamba jambo la jina ni mstari mmoja tu katika ukurasa mrefu, na kuurekebisha hakuondoi mingine. Kupanga vitu, kelele, chakula kisichoguswa na kingine, maneno ya kuazima kutoka redioni, vyote viko. Kuhusu kutotulia na kukosa umakini, alisema hilo tusubiri, tumtazame akiwa darasani mwaka mmoja kwanza, maana mtoto anayekimbia kelele si lazima awe hawezi kutulia. Usemi wake umechelewa, lakini upo. Anayakariri maneno yote kwa pamoja, na sisi tumngoje aanze kuyatumia mahali pake. Tumngoje kweli, alisema, tuhesabu hadi kumi kimya kabla mtu mwingine hajajibu.

"Na shule?" Karimi akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Ya nyumbani. Akae mbele, karibu na ukuta, asikae chini ya mabati ikinyesha kama inawezekana. Nitaandika hivyo. Bweni la nini?"

Karimi alinishika mkono. Alikuwa hajawahi kunishika mkono tangu aolewe.

Likabaki la jina. Gakii alisema mtoto anahitaji jina moja ambalo akilisikia ajue ni lake peke yake. Karimi akasema basi tuanze kumwita Joy.

"Mnaweza," akasema Gakii. "Lakini hii moja anaijua tayari. Imemchukua miaka sita. Joy ataanza mwanzo."

Kila mmoja alitazama magunia, hakuna aliyenitazama mimi, na kwa kutonitazama huko nilielewa kinachotakiwa. Iliniuma, siwafichi. Nilikuwa na umri gani nilipoanza kuitwa hivyo, na nilikingoja vipi cheo hicho. Nina mjukuu mmoja. Nikiacha kuitwa Cucu na huyu, hakuna mwingine wa kuniita.

"Mwacheni nalo," nikasema. "Mimi niiteni Mwalimu."

Kurudi

Kurudi hakuna mengi. Salim alikuwa anashuka tena Embu na alitubeba. Chuka alisimama kuswali na yule mzee wa kofia alimuulizia mtoto. Majimbo, Muthoni alisoma barua mara mbili, akaondoka mezani, akarudi na sahani yenye mahindi matupu. Mfuniko wa mkebe tulimrudishia dereva wa maziwa baada ya majadiliano marefu. Karimi alishuka kwenye pikapu pale kwetu akiwa na begi lake, akaingia nyumbani kwangu, akawasha moto.

Njeru alisoma barua amesimama. Mtu mzima, mwalimu mkuu, na bado akiwa mbele yangu anasimama kama anasubiri kuambiwa akae. Alisema sawa. Akachukua penseli, na kwenye daftari la mahudhurio la Gredi ya Kwanza, kando ya Joy Igoki, akaandika Cucu.

Sasa mnajua jibu la swali la pili. Nikinyamaza mnaponiita, sijawakasirikia. Nahesabu hadi kumi. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu kuliko safari yenyewe. Karimi akiita "Cucu!" kutoka jikoni, mimi nimekaa uani na mtoto, naziba mdomo kwa ncha ya leso. Tunasubiri. Mtoto ananitazama mimi, nami natazama miti. Karimi anakuja, anamgusa bega, anasema, "Ni wewe." Siku nyingi zilipita hivyo na hakusema kitu.

Shule ilifunguliwa Jumatatu. Niliahidi kwamba nitamfikisha langoni na kurudi, nami nilifika langoni, kisha nikazunguka nyuma ya ua upande wa dirisha la Gredi ya Kwanza. Alikuwa mbele, karibu na ukuta. Njeru aliamua siku hiyo ataita majina yeye mwenyewe. Alifungua daftari. Kila aliyeitwa alisema, "Niko, mwalimu!" kwa nguvu zote.

"Cucu."

Watoto wawili walicheka. Njeru akawainulia mkono, akasubiri, na niliona midomo yake ikihesabu. Mimi nilihesabu naye. Moja, mbili, tatu. Jibu lilikuwa limejaa kinywani mwangu. Nne, tano. Nilishika waya wa ua. Mtoto aligeuza kichwa, akatazama mlango. Hapakuwa na mtu mlangoni. Akautazama kitambo, kisha akarudisha macho mbele, kwa Njeru.

"Nini tena?" akasema.

Ilikuwa sauti yangu kabisa, na uchovu wangu, na ule ukali usio na ubaya. Darasa zima lilicheka. Njeru hakucheka. Aliweka alama ya kuwepo, akaita jina lililofuata.